Vyombo vya Mkononi na Maji ya Chumvi

Ukifika Mombasa, msomaji, na ukabahatika kupata jioni moja ya mapumziko, usikose kwenda Kizingo. Ni upande wa kusini wa kisiwa, mahali ambapo nchi kavu hujipinda ili kuukabili mlango wa bandari ya Kilindini. Neno kizingo kwa Kiswahili ni pindo la mto au la mkondo, na mtu atazamaye ramani ya kisiwa hatashangaa kwa nini mahali hapo pameitwa hivyo. Huko kuna mnara wa taa wa Ras Serani; kuna mibuyu ambayo hapana mtu aliye hai aliyeiona ikiwa michanga; na kuna barabara ya pwani ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Azania, na baada ya uhuru ikaitwa Mama Ngina. Mwaka 2019 ukingo wote ulitengenezwa upya. Wenyeji huenda hapo jua likielekea kutua, wakala mihogo na kachri, wakanywa madafu, wakatazama meli zikipita karibu nao hata majina yaliyoandikwa ubavuni mwake husomeka bila ya darubini.

Hapo ndipo simu yangu ilipoanguka baharini. Sikuitupa kwa hasira wala sikunyang'anywa. Maji yalikuwa yamekupwa, nami nikateremka mawe ili kutazama vidimbwi vinavyosazwa na bahari. Nikainama kuokota kombe, simu ikanitoka mfukoni, ikagonga jiwe, ikazama. Kilindi cha dimbwi lile hakikuzidi mkono mmoja, na hazikupita dakika mbili kabla sijaitoa. Kioo kilikuwa kimepasuka, lakini taa yake ilikuwa ingali ikiwaka. Nikafurahi mno kuiona ikiwaka. Furaha ile ilikuwa furaha ya mjinga, na sababu yake utaiona mbele.

Labda utasema kuwa simu ni kitu cha dukani, na kilichopotea hununuliwa kingine. Ni kweli. Lakini ndani ya simu ile mlikuwa na sauti ya mtu aliyekufa. Alikuwa nahodha mstaafu wa Mji wa Kale, ambaye katika ujana wake alisafiri kwa majahazi baina ya Lamu, Mombasa na Ghuba, akipeleka boriti za mikoko na kuleta tende na chumvi. Nalimtembelea siku mbili, nikayanasa maneno yake kwa simu. Hazikutimia siku arobaini baada ya kuagana naye akafariki, na mimi, kwa uvivu ambao sina udhuru wake, sikuwa nimeyanakili mazungumzo yale mahali pengine popote. Basi nilipokuwa nikiipangusa simu kwa shati langu, sikuwa nikiwaza habari ya fedha.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza maswali ambayo nataka kuyaweka mbele yako. Kwa nini chombo kimoja chazama na kuishi, na kingine chapata matone machache na kufa? Ni nani aliyeanza kushindana na bahari ili ala ndogo na nyororo, yenye akili kuliko nguvu, isafiri na binadamu bila ya kuharibika? Habari hizi zina historia ndefu, na sehemu yake moja imepita hapa hapa, mbele ya ukuta ule wa Kizingo.

Mombasa imetajwa katika vitabu tangu karne ya 12, wakati wa al-Idrisi, nayo iliishi kwa bahari. Ala ya kwanza iliyostahili kuogopewa maji ni dira. Sindano ya dira ni chuma, na chuma na maji ya chumvi havipatani. Tena chombo hupanda na kushuka mawimbi, na sindano isiyotulia haifai kitu. Mabaharia wa zamani waliyatatua mambo haya mawili kwa werevu ambao ungali unatumika. Walikiweka kikombe cha dira ndani ya pete mbili, moja ndani ya nyingine, kila moja yenye mhimili wake, hata jahazi liliinama upande wowote, kikombe kilibaki kimelala sawasawa. Baadaye, katika karne ya 19, ikaenea dira ambayo kikombe chake kimejazwa maji maji yaliyochanganywa na spiriti na kuzibwa kabisa, ili mitetemeko ipungue. Litazame jambo hili vizuri, msomaji. Mtu aliyekuwa akiogopa maji yasiingie katika dira aliishia kuyajaza mwenyewe ndani yake, illa aliyachagua maji ayatakayo na kuufunga mlango.

Ala ya pili ni saa, na hii ndiyo iliyowasumbua wataalamu kuliko zote. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa muda wa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au uzi mmoja kwa dakika nne. Mombasa iko karibu nyuzi 39 na dakika 40 mashariki ya Greenwich; kwa hiyo adhuhuri yetu hutangulia adhuhuri ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 38 na zaidi ya nusu. Nahodha akiwa na saa inayoonyesha wakati wa Greenwich bila ya kukosea, na akilitazama jua la mahali alipo, atajua yuko wapi baina ya mashariki na magharibi. Lakini saa ikikosea sekunde nne tu, nahodha naye amekosea maili moja ya baharini. Na maili moja ndiyo tofauti ya kuingia mlango wa Kilindini na kupanda juu ya mwamba. Saa za ukutani za siku zile hazikuweza kazi hii. Pendeli haiwezi kuhesabu sawasawa mahali panapoyumba, mafuta ya magurudumu huganda kwa baridi na kuwa mepesi kwa joto, na hewa ya chumvi hula shaba na chuma.

Mtu aliyelishinda tatizo hili hakuwa mwana wa chuo kikuu, bali alikuwa seremala wa Kiingereza, John Harrison. Saa yake ya kwanza ya baharini, aliyoimaliza mwaka 1735, ilikuwa kubwa na nzito. Ya nne aliimaliza mwaka 1759, nayo haikuzidi sana saa kubwa ya mfukoni. Ilipopelekwa Jamaika mwaka 1761, baada ya siku 81 ilionekana kuwa imekosea kiasi cha sekunde 5. Kabla ya simu na kabla ya redio, hiki ndicho chombo cha mkononi kilichokuwa cha ajabu kuliko vyote duniani.

Saa za namna hiyo zilifika Mombasa mwezi wa Februari mwaka 1824, ndani ya manowari ya Leven, pamoja na Kapteni William Fitzwilliam Owen, ambaye alitumwa kuipima pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Katika vitabu vya historia utasoma zaidi habari ya bendera ya Kiingereza aliyoikubali kutundikwa kwa maombi ya Mazrui, na ya Luteni Reitz aliyemwacha hapa awe mkuu, akafariki mwaka ule ule, na jina lake likabaki katika hori ya Port Reitz mpaka leo. Himaya ile ilikwisha mwaka 1826. Mimi hupenda kuwakumbuka watumishi wa melini waliokabidhiwa saa zile. Saa ya baharini iliwekwa katika sanduku la mbao, ndani ya pete mbili kama za dira, chini kabisa ya sitaha ambapo mtikiso ni mdogo. Ilitiwa ufunguo kila siku. Haikupandishwa juu kwenye upepo na matone ya mawimbi. Alipotaka kulipima jua, ofisa alichukua saa nyingine ya thamani ndogo, akailinganisha na ile kubwa, akapanda nayo. Kwa maneno mengine, chombo kilicho bora kilidumu kwa sababu kilikaa ndani na kutuma kingine nje. Homa iliua mabaharia wengi wa Owen katika safari ile. Ramani zao zikaendelea kutumiwa muda mrefu baada yao.

Baada ya hapo, umeme ukaingia katika mambo haya, na vita vikabadilika. Kutu ya chuma huja polepole. Saa iliyorowa jana yaweza kufunguliwa leo, ikakaushwa, ikapakwa mafuta. Chombo cha umeme hakitoi muhula huo. Maji safi kabisa hayapitishi umeme kwa wepesi, lakini katika lita moja ya maji ya bahari mna chumvi kiasi cha gramu 35, na chumvi ikiyeyuka, umeme hupata njia. Hapo umeme huacha kupita katika nyuzi zake, hukatisha baina ya sehemu zisizopasa kukutana. Wala si hilo tu. Umeme upitao katika maji ya chumvi huing'oa shaba upande mmoja, chembe kwa chembe, na kuichukua. Mwalimu wako wa kemia ataweza kukuonyesha jambo hili kwa betri, vipande viwili vya shaba na bilauri ya maji ya chumvi. Lile tope la kijani unaloliona katika redio iliyorowa ndilo shaba iliyoliwa. Volti tatu na kitu za betri ya simu zatosha kabisa kwa kazi hiyo, na waya za ndani ya simu ni nyembamba kuliko unywele.

Sasa umefahamu kwa nini nilisema kuwa furaha yangu ilikuwa ya mjinga. Taa ile iliyonifurahisha ndiyo iliyokuwa ikiiua simu.

Katika Vita vya Pili vya Dunia majeshi yalijifunza somo hili kwa hasara kubwa. Mwezi wa Aprili mwaka 1942 ndege za Wajapani ziliishambulia Colombo, na manowari za Kiingereza za Bahari ya Hindi zikahamia Kilindini. Pamoja nazo wakaja wafumbuzi wa maandishi ya siri, wakapewa majengo ya shule ya Allidina Visram hapa kisiwani. Fikiri, msomaji, madarasa ambamo watoto walisoma hesabu yakijaa wanaume na wanawake wenye makaratasi na redio, wakisikiliza mawasiliano ya Wajapani kutoka ng'ambo ya bahari. Sauti ziliwafikia kwa shida, kwa sababu ya umbali. Hata hivyo humo ndimo walimofumbua maandishi ya siri yaliyotumiwa na meli za biashara za Kijapani. Mwaka 1943 wakarudi Colombo.

Wakati huo huo, huko Burma na katika visiwa vya Pasifiki, redio za askari zilikuwa zikioza. Sikutia chumvi katika neno hilo. Ukungu uliota juu ya nyuzi zilizofunikwa pamba, unyevu ukaingia katika kila tundu, na redio iliyotoka kiwandani katika nchi ya baridi ikawa kimya kabla ya kufika vitani. Ndipo mafundi walipoanza kupaka sehemu za ndani vanishi yenye dawa ya kuua ukungu, kuzifunika kwa nta, na kuziba viungo vya masanduku kwa mipira. Desturi hii ya kukitayarisha chombo kwa nchi za joto ilipoanzishwa haikuachwa tena.

Baada ya vita ikaja redio moja ambayo mimi huiona kuwa ya heshima kuliko nyingi zilizoifuata. Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, palikuwa na mkuu wa idara ya habari aliyeitwa Harry Franklin. Alikuwa na kituo cha redio Lusaka kilichosema kwa lugha za wenyeji, lakini wenyeji hawakuwa na redio. Zilizokuwapo zilikuwa ghali, zilitaka umeme wa nyumbani, na hazikustahimili mchwa, vumbi wala mvua. Aliwasihi watengenezaji wa Uingereza kwa muda mrefu, mpaka kampuni ya Ever Ready ikakubali. Wakati wa kuijaribu, wakatafuta kitu cha kuitia, wakakiona kitu rahisi na imara kilichokuwapo tayari: sufuria ya alumini. Wakaikata mkono, wakaitia redio ndani. Mwaka 1949 ilianza kuuzwa kwa pauni 5, imepakwa rangi ya buluu, na betri yake kavu ilidumu kwa saa 300. Waliitengeneza wakimfikiria mtu atakayeiangusha, atakayeinyeshea, na atakayeifunga nyuma ya baiskeli. Ni wachache sana kabla yao waliokuwa wamemfikiria mtu huyo.

Lakini redio ya sufuria ilikuwa na udhaifu moyoni: ndani yake mlikuwa na valvu nne, na valvu ni vioo kama taa. Sufuria huweza kuanguka, kioo hakiwezi. Dawa ya hayo ilikuwa imekwisha kupatikana mwezi wa Desemba mwaka 1947, katika maabara za Bell huko Marekani, ambapo Bardeen, Brattain na Shockley walivumbua transista. Transista haina kioo wala uzi wa kuwaka moto. Ni kipande kigumu kidogo kuliko punje ya mtama, na betri ndogo huiendesha. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista ya kutiwa mfukoni iliuzwa Marekani, na katika miaka iliyofuata redio za namna hiyo zikafika barazani na mashambani kwetu. Ukiwauliza wazee wa Mji wa Kale watakueleza jinsi redio iliyofunikwa mfuko wa ngozi ilivyosafiri na jahazi, ikining'inizwa mahali ambapo mawimbi hayafiki.

Simu ya mkononi ni mtoto wa transista. Ya kwanza ilipigwa katika barabara za New York tarehe 3 Aprili 1973 na Martin Cooper wa Motorola, nayo ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja. Kenya simu hizi zilianza kuwa za watu wengi kuanzia mwaka 2000, na mwaka huo huo kampuni ya Nokia ikatoa simu yake ya 3310. Mwaka 2003 ikafuata ya 1100, iliyokusudiwa waziwazi watu wa nchi kama zetu: ilikuwa na tochi, mgongo usioteleza mkononi, na vitufe vilivyofunikwa kwa ngozi moja ya mpira ili vumbi lisiingie. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Kwa maoni yangu mhandisi aliyetia tochi katika simu aliielewa Afrika kuliko waandishi wengi wa vitabu juu yake.

Watu husimulia hekaya juu ya simu hizi, kuwa zilipondwa na magurudumu, zikaanguka kisimani na kuendelea kulia. Tukizipunguza hekaya hizo nusu, kweli bado ni nyingi, na sababu zake si uchawi. Ile ya 3310 ilikuwa na uzito wa gramu 133 na kioo kidogo. Ilipoanguka, kifuniko kiliruka huku na betri kule. Mwenye simu alizikusanya, akazipachika, akaendelea na mazungumzo. Kule kutawanyika ndiko kulikoiokoa, kwa sababu nguvu ya pigo ilitumika katika kuvitenga vipande badala ya kuvivunja. Na ilipozama, mtu aliitoa betri kwa kucha yake mara moja. Umeme ukakatika, na ulaji wa shaba ukakoma. Maji yaliingia kwa urahisi, na kwa urahisi ule ule yakatoka.

Simu za leo zimeshika njia nyingine. Kuanzia mwaka 1976 kuna kanuni ya kimataifa inayopima uwezo wa chombo kuzuia vumbi na maji kwa tarakimu mbili. Ukiona imeandikwa IP67, sita ni ya vumbi, maana yake haliingii kabisa. Na saba ni ya maji, maana yake chombo kimezamishwa mita moja kwa nusu saa bila ya kudhurika. Simu nyingi za bei kubwa zina sifa hiyo au zaidi. Zimezibwa kwa gundi na mipira pande zote, kama kile kikombe cha dira. Hata hivyo yafaa ujue mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi kwa sauti kubwa. La kwanza, jaribio lile hufanywa kwa maji baridi, si kwa maji ya bahari. La pili, mpira huzeeka na gundi hupasuka kwa kuanguka, na siku maji yatakapopata ufa wa kuingilia, hayatapata wa kutokea. Na betri, ambayo zamani ilitolewa kwa kucha, sasa imegandishwa ndani. Simu yangu ilikuwa hivyo. Jiwe la Kizingo lilipasua kioo kwanza, bahari ikapita baadaye.

Mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha tatu wakati huo, aliniambia, "Mjomba, itie katika mchele." Nikaitia. Nyumba nyingi za pwani hufanya hivyo, nami sikuwa na elimu iliyozidi ya mtoto. Lakini mchele hauwezi kuyavuta maji yaliyo nyuma ya gundi, wala hauondoi chumvi. Maji yakikauka, chumvi hubaki pale pale, ikingoja unyevu mwingine wa hewa ya Mombasa ambayo haikauki mwaka mzima. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake wasitie simu katika mchele, kwa kuwa chembe zake huweza kuidhuru. Mimi nilikuwa nimekwisha poteza siku tatu nzima.

Nilipaswa kukumbuka kilicho karibu nami. Tarehe 20 Oktoba 1697, wakati Fort Jesus ilipokuwa imezingirwa na Waomani, meli ya Wareno iliyoitwa Santo António de Tanna ilizama chini ya ngome. Ikakaa humo zaidi ya miaka 270. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1980 wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale, wakiongozwa na Robin Piercy, waliichimbua pamoja na watu wa makumbusho yetu, na baadhi ya vitu vyake utaviona leo ndani ya ngome. Sasa sikiliza. Kitu kilicholala baharini muda mrefu hakianikwi juani kikishatolewa. Kikianikwa, chumvi iliyomo huganda na kuwa fuwele, nazo hukipasua. Chuma humomonyoka mbele ya macho yako. Hutiwa kwanza katika maji baridi yasiyo na chumvi, na maji yale hubadilishwa tena na tena, mara nyingine kwa miezi, mpaka chumvi yote itoke. Ukaushaji huja mwisho. Nimewapeleka wanafunzi kutazama vitu vile mara nyingi, nikawaeleza jambo hili kwa ufasaha, kisha nikaitia simu yangu katika mchele!

Siku ya nne nikaenda kwa fundi mmoja, kijana mwenye kibanda kisichozidi upana wa meza. Aliiona chumvi nyeupe katika tundu la chaji kabla sijafungua kinywa.

"Mzee, hii imeingia bahari," akasema. "Ulipoitoa uliizima?"

"Ilikuwa ikiwaka, nikaiacha."

"Ukaitia chaji?"

"Usiku ule, kidogo."

Akanyamaza kwa adabu, kama anyamazavyo tabibu. Aliipasha moto gundi, akakibandua kioo, akaitenga betri kabla ya jambo jingine lolote, kwa maana betri za namna hii zikirowa au zikitobolewa huweza kuwaka moto, wala si kitu cha kuchezewa nyumbani. Kisha akaliosha bamba la ndani kwa maji safi, akalisugua kwa mswaki na spiriti, akaliweka chini ya darubini. Akaniita nitazame. Niliona mahali ambapo palipaswa kuwa na mstari wa vijiguu kumi au zaidi vya shaba. Viwili vilikuwapo, na mahali pa vilivyobaki palikuwa na kijani kitupu. "Ungeizima pale pale, ukaiosha kwa maji ya bomba, ukaileta siku ile ile, tungejaribu," akasema. Hakusema kuwa ingepona. Mafundi wazuri hawaahidi.

Simu ile haikuwaka tena. Lakini kando ya bamba palikuwa na kadi ya kumbukumbu, isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kadi ya namna hii imeundwa yote ndani ya kipande kimoja cha plastiki ngumu, hamna uwazi ndani yake wa maji kuingia, na vipande vya shaba vilivyo nje yake vimepakwa dhahabu nyembamba. Fundi aliisugua kwa spiriti, akaitia katika simu yake mwenyewe. Mazungumzo ya siku ya pili yalikuwamo, yamekamilika. Ya siku ya kwanza hayakuwamo. Niliyanasa kabla sijainunua kadi, yakakaa katika kumbukumbu ya simu yenyewe, na humo yamebaki. Basi ujana wa yule nahodha, jinsi alivyotoroka chuoni na safari yake ya kwanza ya kaskazi, hapana awezaye kukueleza sasa. Nayakumbuka kidogo, walakini kumbukumbu yangu si sauti yake.

Wavuvi wa upande wa Likoni wana desturi ambayo naliidharau zamani. Kabla ya kushuka katika mtumbwi, mtu huizima simu yake ndogo ya vitufe, huitia katika mfuko wa plastiki, huutoa upepo, huufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kisha huutia katika mfuko wa pili. Simu yenye taa na tochi, iliyolala kavu juu ya kifua cha mvuvi, imekuwa sehemu ya vifaa vya chombo kama kasia na nanga, maana mashine ikizimika nje ya mwamba ndiyo itakayomwita mwenzake. Mvuvi mmoja aliponiona namtazama alicheka, akaniuliza kama na mimi nataka mfuko.

Mazungumzo ya siku ya pili nimeyanakili mahali patatu. Ndani yake mzee aeleza jinsi dira ya jahazi lao ilivyokaa katika kisanduku karibu na usukani, na jinsi alivyopigwa kofi na nahodha wake kwa kuweka juu ya kisanduku hicho kitambaa kilichorowa. Katikati ya maneno asita, na sauti ya kiti yasikika. "Hicho chombo chako," auliza, "kinashika ninayoyasema?" Nami namsikia mtu aliye kijana kuliko mimi wa leo akimjibu, "Kinashika, mzee. Endelea."